Gramafoni Ikiwa Bubu

Labda nyumbani kwako, au kwa baba mkwe wako, iko gramafoni ya zamani. Imefunikwa kitambaa na juu yake imewekwa picha ya harusi. Sahani yake bado inazunguka. Taa yake bado inawaka. Lakini ukiweka santuri, husikii kitu. Au unasikia upande mmoja tu. Au unasikia mngurumo mkubwa kama wa mashine ya kusaga, na mwimbaji yuko mbali nyuma yake. Watu wa nyumbani wanasema, "Hii imekufa."

Mara nyingi haikufa. Waya mmoja tu, mwembamba kama unywele, umekatika. Waya huo umo ndani ya mkono wa gramafoni, au uko kwenye kichwa cha mkono, karibu na sindano. Katika somo hili utajifunza namna ya kuutafuta waya huo na kuutengeneza. Kazi hii haitaki nguvu. Inataka macho mazuri, mchana wenye mwanga, meza safi na mtu asiye na haraka.

Kwa nini ujisumbue?

Utasema, "Siku hizi muziki uko kwenye simu." Ni kweli, nyimbo nyingi ziko kwenye simu. Lakini zile zilizo kwenye santuri zako huenda haziko huko.

Fikiri santuri hizo zilitoka wapi. Katika miaka ya 1960 na 1970 bendi nyingi za Tanzania zilirekodi nyimbo zao Radio Tanzania, Dar es Salaam, kwenye kanda. Lakini santuri nyingi zilizouzwa madukani kwetu zilipigwa chapa Nairobi, Kenya. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa. Ulifunguliwa tena mwaka 1983. Katika miaka hiyo santuri zilikuwa adimu, na baadaye kaseti zilichukua nafasi yake. Kwa hiyo santuri ya Mbaraka Mwinshehe iliyonunuliwa Iringa mjini kabla ya mwaka 1977 si kitu cha kupata dukani leo. Mbaraka mwenyewe alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari karibu na Mombasa.

Muziki wa kwetu Nyanda za Juu Kusini nao umo katika santuri. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alipita Tanganyika na mashine ya kurekodi. Miongoni mwa aliowarekodi walikuwamo Wahehe. Waimbaji wale ni wazee waliokwisha kufa. Sauti zao hazikufa, kwa sababu zilitiwa katika mifuo ya santuri. Huenda wewe una santuri ya kwaya ambayo bibi yako aliimba. Nani mwingine anayo? Hiyo ndiyo sababu ya kujisumbua.

Kanda nyingi za Radio Tanzania bado zimehifadhiwa Dar es Salaam, katika shirika la utangazaji la TBC. Lakini nyimbo zilizorekodiwa mahali pengine huenda hazimo humo.

Sauti hupita wapi?

Huwezi kutafuta mbuzi aliyepotea kama hujui njia anayopita kwenda malishoni. Vivyo hivyo, kwanza ujue njia ya sauti.

Tazama santuri kwa karibu. Utaona mistari myembamba. Kwa kweli ni mstari mmoja mrefu, unaozunguka kutoka ukingoni mpaka karibu na katikati. Mstari huo ni mfuo, kama mfuo wa jembe shambani. Kuta za mfuo hazikunyooka. Zina mawimbi madogo sana. Mawimbi hayo ndiyo sauti ya mwimbaji.

Santuri ikizunguka, sindano hupita ndani ya mfuo na kutikisika. Sindano imeshikwa na kichwa. Ndani ya kichwa kuna kitu kinachogeuza mtikisiko kuwa umeme. Katika gramafoni ndogo za kubeba, zile zinazotumia betri, kitu hicho mara nyingi ni kipande kidogo cha fuwele au cha udongo maalumu uliochomwa. Kikitikiswa hutoa umeme. Katika gramafoni kubwa za stirio, mara nyingi ni sumaku na nyuzi za shaba.

Umeme huo ni mdogo mno. Betri moja ya tochi ina volti moja na nusu. Kichwa cha sumaku hutoa karibu volti 5 zilizogawanywa kwa 1,000. Yaani ungehitaji vichwa 300 hivi ili kulingana na betri moja ya tochi! Kichwa cha fuwele hutoa zaidi, lakini hata hicho kwa kawaida hakifikii volti moja.

Umeme huo mdogo husafiri katika nyaya kutoka kichwani, ndani ya bomba la mkono, hadi chini ya sahani. Kutoka hapo huenda kwenye amplifaya, yaani kikuza sauti. Amplifaya huukuza mara nyingi, halafu huupeleka kwenye spika. Ndipo wewe unasikia wimbo.

Sasa unaona kwa nini waya mdogo una maana kubwa. Umeme wenyewe ni kidogo kama tone. Njia ikikatika, tone halifiki. Njia ikiwa na kutu, hufika nusu.

Kwa nini nyaya hizo ni nyembamba hivyo? Kwa sababu mkono lazima uende kwa wepesi. Sindano yenyewe ndiyo inayouvuta mkono kutoka ukingoni hadi katikati ya santuri. Nyaya zikiwa nene na ngumu, zitauzuia mkono. Sindano itaruka, au itakwangua ukuta wa mfuo. Kumbuka jambo hili, maana tutalihitaji mbele.

Zile gramafoni za kupiga hendeli, zenye tarumbeta au sanduku, ambazo wazee wengine huziita vinanda, hazina nyaya. Ndani yake sauti hupita kwa hewa tu. Ikiwa yako ni ya namna hiyo, somo hili haliihusu.

Nyaya hukatwa na nini?

Kwanza ni mikono yetu. Mtu hubadili sindano au kichwa, akavuta waya badala ya kuvuta klipu yake. Klipu ni kile kichuma kidogo kilicho kwenye ncha ya waya. Waya hukatika palepale unapoingia kwenye klipu. Ukivua ndoo kisimani hushiki kamba iliyochakaa, unashika mpini. Fanya hivyo hapa pia.

Pili ni safari. Tuseme mtu amehama kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya. Gramafoni imewekwa juu ya basi, na mkono wake haukufungwa. Basi likapanda Kitonga kwa kona zake zote. Mkono ukarukaruka, ukagonga huku na huku, na waya ukakatika pale mkono unapozungukia. Siku ya kusafirisha gramafoni, ufunge mkono kwenye kitegemeo chake kwa uzi laini au kitambaa. Sahani nayo itolewe kama inatoka.

Tatu ni unyevu. Watu wa Tukuyu na Rungwe wanajua mvua ya kwao. Watu wa Mufindi wanajua ukungu wao. Katika nyumba zenye unyevu, pini na klipu hushika kutu ya kijani. Waya ni mzima, lakini umeme haupiti kwenye kutu.

Nne ni panya na mende. Hao hawahitaji maelezo.

Kwanza uhai wako

Gramafoni inayotumia betri haina hatari ya umeme. Gramafoni inayotumia umeme wa nyumbani ina hatari kubwa. Umeme wa nyumbani ni volti 230, nao huua.

Basi sheria ni hii. Kabla ya kufungua kifuniko cha chini, chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Weka plagi mahali unapoiona, ili mtoto asije akaichomeka wakati mikono yako imo ndani.

Zipo pia gramafoni za zamani zenye taa za kioo ndani, zile zinazokawia kupata moto kabla ya kutoa sauti. Hizo zinaweza kushika umeme mwingi hata baada ya kuchomoa plagi. Baadhi yake zina bati la ndani lililounganishwa moja kwa moja na umeme wa nyumba. Usizifungue hizo. Mpelekee fundi wa redio aliyezoea mashine za taa. Unaweza kumsomea ukurasa huu, maana wako mafundi vijana ambao hawajawahi kuona mkono wa gramafoni.

Iulize mashine kabla ya kuifungua

Mganga mwema huuliza kabla ya kutoa dawa: unaumwa wapi, tangu lini, ukilala au ukitembea? Wewe nawe uliza kabla ya kushika bisibisi.

Washa gramafoni. Ongeza sauti kidogo bila kuweka santuri. Tega sikio kwenye spika. Je, unasikia mvumo mdogo, kama upepo kwenye majani? Ukiusikia, amplifaya na spika zina uhai. Usipousikia, tatizo huenda liko kwenye amplifaya, spika au betri, na si kwenye mkono. Tazama betri kwanza. Watu wengi wamefungua mashine nzima kumbe betri moja imegeuzwa.

Sasa weka santuri usiyoijali sana. Sikiliza. Kama sauti inakuja na kupotea mkono unaposogea, waya unakatika au umelegea pale mkono unapozungukia. Kama kuna mngurumo mkubwa wa umeme, pengine waya wa kurudisha, ambao mafundi huuita waya wa ardhi, umekatika. Kama ni kimya kabisa, huenda waya wa kupeleka umekatika, au klipu imetoka.

Kama gramafoni yako ni ya stirio, ina spika mbili, na moja tu ndiyo bubu, una bahati. Upande mzima utakusaidia kuujua upande mgonjwa. Nyuma ya amplifaya kuna plagi mbili zinazotoka kwenye gramafoni. Mara nyingi moja ni nyekundu na nyingine ni nyeupe. Zima mashine. Badilisha plagi hizo: ya kulia iende kushoto, na ya kushoto iende kulia. Washa tena.

Fikiri vizuri hapa. Kama sasa spika iliyokuwa bubu inaimba, na ile iliyokuwa ikiimba imekuwa bubu, basi ugonjwa umehama pamoja na plagi. Ugonjwa umo ndani ya gramafoni. Kama spika ileile imebaki bubu, gramafoni haina kosa. Tatizo liko kwenye amplifaya au spika. Jaribio hili halihitaji chombo chochote wala senti moja. Naliona ndilo jaribio bora kuliko yote katika kazi hii, na ni ajabu jinsi watu wanavyolipita.

Tazama kichwa

Sasa zima, chomoa plagi, na uje kwenye kichwa. Keti mlangoni penye mwanga. Kama una miwani ya kusomea, ivae.

Kwanza, sindano. Itazame kutoka ubavuni. Kama imepinda au haipo, hakuna waya utakaokusaidia. Tafuta sindano nyingine. Sindano iliyokwisha hukata mifuo kama jembe butu linavyokwaruza ardhi, na mfuo uliokatwa haurudi.

Katika mashine nyingine kichwa hutoka chote kwa kulegeza pete. Kitoe. Utaona vipini vinne nyuma yake. Vifute kwa kitambaa safi kilicholowa spiriti kidogo. Futa na mle ndani ya mkono vinapogusana, kwa pamba iliyozungushwa kwenye njiti ya kiberiti. Rudisha kichwa na ujaribu tena. Katika nchi ya mvua, mara nyingi kazi huishia hapa. Gramafoni inaimba, nawe unaweza kufunga kitabu.

Kama bado ni bubu, tazama nyaya ndogo zinazoingia kwenye kichwa. Gramafoni ya stirio ina nyaya nne. Katika mashine nyingi rangi zake ni hizi: nyekundu ni ya kulia, na kijani ni ya kurudisha upande wa kulia. Nyeupe ni ya kushoto, na buluu ni ya kurudisha upande wa kushoto. Gramafoni ndogo ya spika moja huweza kuwa na nyaya mbili tu, na rangi zake ni za namna yoyote. Kwa hiyo kabla ya kugusa kitu, chukua karatasi na kalamu. Chora kichwa na pini zake, na uandike kila rangi iko kwenye pini ipi. Hapa ndipo unapoona faida ya kujua kuandika. Fundi anayetegemea kukumbuka tu hujuta ng'ombe wakirudi zizini na kazi haijaisha.

Shika klipu moja baada ya nyingine kwa kibano, kama kile cha kutolea mwiba. Isukume kidogo. Je, imekaza? Je, waya umeshikana nayo, au umesimama tu karibu yake? Waya uliokatika ndani ya mpira wake hujificha. Unaonekana mzima, lakini ukiuinamisha, hulegea mahali pamoja kama shingo ya kuku aliyechinjwa.

Kama klipu imelegea, itoe kwenye pini. Weka ncha ya sindano ya kushonea ndani ya klipu, halafu uibane polepole kwa koleo. Ile sindano itaizuia isifungike kabisa. Irudishe kwenye pini. Iingie kwa kukaza kidogo, si kwa nguvu. Pini ikisukumwa kwa nguvu huvunjika ndani ya kichwa, na hapo hakuna matengenezo.

Kupima kwa mita

Siku hizi mita ndogo za kupimia umeme zinapatikana kwa mafundi wengi wa simu na redio. Kama huna, azima, au wanadarasa wachange wanunue moja. Itawafaa pia kwa mambo ya sola na tochi.

Weka mita kwenye alama ya omu, yaani kipimo cha ugumu wa njia ya umeme. Gusanisha ncha zake mbili. Itaonyesha karibu sifuri, na nyingine hulia. Maana yake njia ni nzima.

Toa klipu zote kwenye kichwa kabla ya kupima. Usipime ukiwa umeziacha humo. Mita hupeleka umeme wake, nao unaweza kukiumiza kichwa cha sumaku. Balbu ya tochi na betri zake ni mbaya zaidi. Kamwe usivijaribishe kwenye kichwa.

Sasa gusa klipu ya waya mwekundu kwa ncha moja ya mita. Gusa katikati ya plagi nyekundu kwa ncha nyingine. Mita ikionyesha omu chache, waya ni mzima. Mita isipoonyesha njia kabisa, waya umekatika mahali fulani. Mwambie mwenzako ausogeze mkono polepole kutoka ukingoni hadi katikati wakati wewe unatazama mita. Namba ikirukaruka, umekatika penye mzunguko. Pima na kijani, kwenye duara la nje la plagi hiyohiyo. Halafu pima nyeupe na buluu kwenye plagi ya pili.

Pima pia nyekundu na kijani kati yao. Hazipaswi kuwa na njia. Zikiwa nayo, zimegusana mahali. Lakini subiri, usikate kitu bado. Gramafoni nyingi zinazojiendesha zenyewe zina swichi ndogo chini ya sahani. Kazi yake ni kunyamazisha sauti wakati mkono unapoinuka na kurudi, ili usisikie kishindo. Swichi hiyo huunganisha nyekundu na kijani kwa makusudi. Zungusha sahani kwa mkono mpaka mashine imalize mwendo wake, kisha upime tena. Swichi hiyo ikishika vumbi la kiangazi, hukwama na kunyamazisha mashine siku zote. Ifute kwa spiriti. Wako watu wanaobadili nyaya zote za mkono bila haja, kwa sababu ya swichi hiyo moja.

Kama nyaya zote ni nzima, badilishana kule kichwani. Rudisha klipu, lakini nyekundu na kijani uziweke kwenye pini za kushoto, nyeupe na buluu kwenye pini za kulia. Washa. Kama upande bubu umehama, kichwa chenyewe kina ugonjwa. Kama haukuhama, ugonjwa uko mbele ya kichwa, kwenye swichi au viungo vya chini.

Kuunga waya

Tuseme umeupata. Waya mweupe umekatika penye klipu. Hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote.

Unahitaji lehemu nyembamba yenye dawa ndani, na chuma cha kulehemu kilicho kidogo. Kama kijijini hakuna umeme, chuma cha zamani chenye kichwa cha shaba hupashwa moto kwenye mkaa. Kichwa chake ni kikubwa mno kwa kazi hii. Kizungushie waya mnene wa shaba, na uache ncha ya waya huo ichomoze kama kidole. Lehemu kwa ncha hiyo. Usivute moshi wake puani. Ukimaliza nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, maana lehemu nyingi zina risasi, nayo ni sumu. Watoto wakae mbali.

Toa klipu kabisa kwenye kichwa kabla ya kulehemu. Ukilehemu klipu ikiwa kwenye pini, joto litaingia ndani ya kichwa na kukiua. Ichomeke klipu kwenye kijiti chembamba ili uishike.

Vuta waya kidogo kutoka kwenye bomba la mkono. Mara nyingi kuna ziada ndogo. Kama unakataa kuja, usiulazimishe. Ncha ya waya imepakwa rangi inayozuia umeme, hata kama huioni. Ikwangue polepole kwa wembe, au iguse kwa chuma chenye moto na lehemu mpaka rangi iungue na waya ung'ae. Hapa wengi hushindwa. Waya unaonekana umeshika, kumbe rangi bado ipo katikati.

Pasha klipu moto, tia lehemu kidogo sana, weka waya, ondoa chuma. Ihesabu mpaka 5 bila kutikisa. Kiungo kizuri hung'aa na ni laini. Kiungo cha kijivu chenye chembechembe hakikushika, rudia. Kikipoa, kipake rangi ya kucha, ile wanayopaka wasichana. Ikikauka huzuia waya huo usigusane na jirani yake.

Waya uliokatika ndani ya bomba la mkono usiuunge katikati. Kiungo ni kinene, na kitakwama. Badilisha waya mzima. Waya mwembamba unaofaa unapatikana kwenye spika za masikioni za simu zilizokufa. Ndani ya mpira wake mna nyaya ndogo za rangi mbalimbali, laini sana.

Lakini usiuchomoe waya wa zamani kwanza! Funga uzi wa kushonea kwenye ncha yake kule kichwani. Ndipo uuvute waya kutokea chini, mpaka uzi utokeze. Sasa uzi umepita njia yote. Funga waya mpya kwenye uzi, kisha vuta uzi kurudi kule kichwani. Waya mpya utaufuata, kama vile kamba ya ndani ya suruali inavyoifuata pini. Kama unabadili zote nne, sokota nyekundu na kijani pamoja kwa ulegevu, na nyeupe na buluu pamoja. Kusokota huko hupunguza mngurumo.

Pale mkono unapozungukia acha waya ulegee, ufanye kitanzi kidogo. Hapa ndipo tulipokuambia ukumbuke. Sogeza mkono kwa kidole kimoja kutoka ukingoni hadi katikati. Je, unakwenda bila kukazwa? Ukiuachia, je, unabaki ulipo au unavutwa kurudi? Ukivutwa, waya ni mfupi au ni mgumu. Legeza kitanzi.

Siku ya kwanza ya kuimba

Pima tena kwa mita waya mmoja mmoja. Linganisha na mchoro wako. Ukiweka nyekundu mahali pa kijani upande mmoja tu, gramafoni itaimba, lakini besi itapungua na mwimbaji wa katikati atasikika kama yuko nje ya nyumba. Watu huvumilia hali hiyo miaka, wakidhani santuri imechakaa. Badilisha nyaya hizo mbili, basi.

Funga kifuniko. Weka sauti chini. Tumia ile santuri usiyoijali mpaka iishe upande mmoja bila kuruka. Ndipo uchukue ile ya bibi. Ifute vumbi kwa kitambaa laini chenye maji kidogo, ukizungusha kufuata mifuo, wala usiikate mifuo kwa kufuta kutoka katikati kwenda nje. Kama ni zile santuri nzito za kizamani za mizunguko 78, zinazovunjika kama sahani ya udongo, zinataka sindano yake nene. Sindano ya santuri za plastiki haizifai.

Kama kuna kijana mwenye simu nzuri, mwambie arekodi wimbo wakati unapigwa, nyumba ikiwa kimya na kuku wakiwa nje. Mchoro wako wa rangi ubandike ndani ya kifuniko cha gramafoni, pamoja na tarehe. Atakayeifungua mara ya pili hatalazimika kubahatisha.